Gari Linalozimika na Kuwaka Lenyewe: Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Pampu ya Petroli

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, fundi umeme wa magari, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ilinipa hiari ya kuchagua jambo la kuzungumzia. Wenzangu walionitangulia katika mikutano iliyopita wamezungumza juu ya sheria, juu ya ushirika, na juu ya uganga wa mifugo. Kazi yangu mimi ni umeme wa magari, nami nimeona ni afadhali nieleze jambo moja dogo la kazi hiyo mpaka liishe kuliko kugusa mengi juu juu. Jambo lenyewe ni gari linalozimika njiani bila sababu ya kuonekana, likapumzika kidogo, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Na hasa pale ambapo chanzo kimo katika umeme wa pampu ya petroli.

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi. Kitu kimekatika, nacho kinakaa pale pale kikimngoja. Lakini hitilafu inayokuja na kuondoka ni kama homa ya vipindi: mgonjwa akifika mbele ya mganga mwili ni baridi, anacheka, na mganga hana cha kupima. Mwenye gari analeta gari asubuhi, fundi anaendesha mara tatu kuzunguka mtaa, gari linakwenda vizuri kabisa. Hapo ndipo ubahatishaji huanza. Inabadilishwa plagi, inabadilishwa koili, unabadilishwa mchujo wa petroli, na mwisho inanunuliwa pampu nzima. Gari linarudi nyumbani, na wiki ijayo linazimika pale pale kwenye mlima ule ule. Aliyelipa fedha zote hizo ni mwenye gari, na mara nyingine, kama nitakavyoeleza, analipa hata asiyekuwa na gari.

Kwanza tuelewane pampu yenyewe ni kitu gani. Wazee wenzangu mtaikumbuka pampu ya umeme ya SU, iliyofungwa katika Morris Minor na katika Land Rover za mwanzo kabisa, zile zilizoanza kutoka mwaka 1948. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini uliisikia ikigonga, tiki-tiki-tiki, halafu inanyamaza kabureta ikijaa. Ndani yake mlikuwa na sumaku ya umeme iliyokivuta kiwambo, na kiwambo kikifika mwisho kilitenganisha pointi mbili, umeme ukakatika, springi ikakirudisha, pointi zikagusana tena. Pointi zile zilipoungua au kushika uchafu, pampu ilinyamaza njiani, na dereva alishuka na spana akaigonga kichwani mara moja, ikaanza tena. Wengi tuliona jambo lile kama uchawi au kama mzaha. Kumbe ni kitu kinachoeleweka: kugonga kulizisogeza pointi kidogo zikagusana mahali pasipoungua. Pigo lile lilikuwa kipimo zaidi kuliko dawa, kwani lilimwonyesha dereva kwamba umeme unafika mpaka kwenye pampu, na kwamba ugonjwa uko ndani ya pampu.

Magari yaliyofuata, yenye kunyunyizia petroli kwa sindano zinazotawaliwa na kompyuta, yana pampu ya namna nyingine. Ni mota ndogo inayozunguka, mara nyingi imezamishwa ndani ya tangi lenyewe. Hufanya kazi muda wote injini inapozunguka, na katika magari mengi huisukuma petroli kwa kani ya karibu baa tatu, yaani karibu mara tatu ya kani ya hewa inayotuzunguka hapa. Hula umeme wa ampea 4 mpaka 8 hivi. Petroli inayopita ndani yake huipoza na kuilainisha; ndiyo maana mwenye kuzoea kuendesha tangi likiwa karibu tupu, taa ya onyo ikiwaka wiki nzima, huiua pampu yake kabla ya wakati. Nalisema hili kwa sababu najua humu ukumbini wamo wengi wa namna hiyo.

Umeme wa pampu hiyo hauendi moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hutoka betri, ukapita fyuzi, ukapita swichi ya ufunguo au rilei kuu, ukapita rilei ya pampu, kisha ukasafiri katika waya mrefu chini ya zulia hadi nyuma, ukapita soketi moja au mbili, ukaingia katika mota. Halafu unarudi kwa waya wa erthi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari. Na hiyo rilei ya pampu haifungi mpaka kompyuta iiamuru. Kompyuta nayo haitoi amri hiyo mpaka ipate habari kwamba injini inazunguka. Injini ikisimama, pampu hukatwa umeme, katika magari mengi kwa muda wa sekunde mbili au tatu tu. Nawaomba mlishike jambo hilo, nitalirudia mara mbili.

Sasa niwape kisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliitwa kutazama gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya vijijini. Lilikuwa gari la Kijapani la petroli, gia za mkono, la sindano. Tatizo lake lilikuwa kwamba linazimika njiani mchana, baada ya mwendo wa kama dakika arobaini, likakaa nusu saa, kisha likawaka. Usiku halikuzimika hata mara moja. Lilikuwa limekwisha kufungwa pampu mpya mbili katika mwaka mmoja. Siku moja lilizimika likiwa na mama mjamzito ndani, na mtoto akazaliwa kando ya barabara chini ya mwembe, muuguzi akimsaidia mama kwa kanga na kwa maji ya chupa. Namshukuru Mungu wote wawili walipona.

Lakini jambo lilifika kwa wakubwa, na wakubwa walitaka mtu. Gari lilikwisha kupelekwa gereji mara nne, na mara zote nne gereji iliandika kwamba gari ni zima. Basi, wakasema, kama gari ni zima, mbovu ni dereva. Ikasemwa kwamba anauza petroli njiani na kusingizia gari. Ikasemwa kwamba anasimama kulala. Nilipofika, dereva alikuwa na barua mbili za kujieleza na amenyang'anywa ufunguo. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wa shule. Hakunieleza maneno mengi. Alinionyesha daftari alimoandika kila siku gari lilipozimika, saa, mahali, na kama kulikuwa na jua au mvua. Hakuna aliyekuwa amelisoma.

Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko mita yangu. Kilikuwa kipimo cha mwaka mzima. Karibu mara zote ilikuwa kati ya saa sita na saa kumi mchana. Hapakuwa na hata siku moja ya mvua. Tangi lilikuwa limejaa mara nyingine na mara nyingine nusu, kwa hiyo wingi wa petroli haukuwa sababu. Barabara mbovu wala nzuri haikuleta tofauti. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulipenda joto. Nawaambia vijana, fundi asiyemsikiliza dereva ameitupa nusu ya kazi yake kabla ya kufungua sanduku la spana. Mwulizeni: lilizimika ghafla kama taa iliyozimwa, au lilikohoa kwanza? Umeme wa plagi ukikatika, injini hufa papo hapo. Petroli ikikatika, injini hudhoofika, hukohoa, huvuta mara mbili tatu, ndipo hufa, kwani bado kuna petroli kidogo kwenye bomba. Dereva wetu aliniambia kwamba linaishiwa nguvu kama mtu mwenye njaa. Hilo likanielekeza kwenye petroli.

Nawaombeni pia wenye magari msiwafiche mafundi yale yaliyokwisha kufanywa. Mficha maradhi kilio humfichua. Nimekutana na gari ambalo mwenyewe aliapa kwamba halijaguswa, na chini ya usukani nikakuta viungo sita vya nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe, za alamu iliyofungwa barabarani na kuondolewa barabarani. Alamu hizo nyingi hukata waya wa pampu ili mwizi asiondoke na gari; na kiungo kilichosokotwa bila kulehemu, baada ya miaka miwili ya mtikisiko, humzuia na mwenye gari pia.

Turudi kwa gari la wagonjwa. Hitilafu ilikuwa haipo nilipofika, na kupima kitu kizima ili kukitafutia ugonjwa ni kupoteza muda. Nikafanya jambo ambalo nimelifanya mara nyingi tangu hapo. Nilichukua vitaa vitatu vidogo vya LED, kila kimoja nikakitia kizuizi cha omu 1,000 ili kisiungue wala kisile umeme mwingi. Kitaa chekundu nilikiunga kwenye waya unaoleta umeme katika rilei ya pampu. Cha kijani nilikiunga kwenye waya unaotoka katika rilei hiyo kwenda kwenye pampu. Cha njano nilikiunga baina ya umeme wa betri na waya wa amri, ule ambao kompyuta huushikisha erthi inapotaka rilei ifunge. Kwa hiyo njano ikiwaka maana yake kompyuta imeamuru. Nikavipanga vyote vitatu juu ya dashibodi kwa gundi, mbele ya macho, na nyaya zake zote zilibaki ndani ya gari, mbali na tangi.

Mtaona hesabu yake ni rahisi. Nyekundu ikizima, kosa liko nyuma ya rilei: fyuzi, ufunguo, betri. Nyekundu ikiwaka na njano ikazima, kosa liko katika kompyuta au katika habari inayopelekwa kwake, yaani haijui kwamba injini inazunguka. Nyekundu na njano zikiwaka na kijani ikazima, rilei imeamriwa na imekataa. Zote tatu zikiwaka na gari bado linakufa, kosa liko mbele: waya wa nyuma, soketi, erthi, au pampu yenyewe.

Hapa ndipo lile jambo nililowaomba mlishike linapoingia. Gari likishazimika na kusimama, kompyuta huzima njano na kijani kwa haki kabisa, kwa kuwa injini haizunguki. Ukiangalia wakati huo utadhani umekamata mwizi, kumbe umemkamata mlinzi. Lazima uangalie wakati injini inakufa lakini bado inazunguka. Nilimwomba dereva, ambaye nilidai arudishiwe ufunguo kwa safari hiyo, kwamba gari likianza kudhoofika asikanyage klachi wala asitoe gia. Magurudumu yataizungusha injini kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kompyuta bado ina sababu ya kuamuru pampu.

Siku ya kwanza tulikwenda saa tatu nzima, gari likatucheka. Siku ya pili tuliliacha juani tangu asubuhi, madirisha yamefungwa, tukaondoka saa nane. Saa tisa kasoro, tukiteremka kuelekea mto, likaanza kuishiwa nguvu. Dereva hakukanyaga klachi. Nyekundu ilikuwa inawaka. Njano ilikuwa inawaka. Kijani imezima. Niliandika saa na mahali kwenye daftari lile lile la dereva, chini ya mistari yake, tukasimama kando bila kufungua boneti. Hakuna kitu cha boneti kilichotuhusu.

Rilei ilikuwa nyuma ya dashibodi, upande unaopigwa na jua. Niliitoa na kuifungua kifuniko. Ndani, upande wa chini wa kibao chake, miguu miwili mizito ilikuwa na ufa mwembamba uliozunguka lehemu kama pete, ufa ambao bila kioo cha kukuzia usingeuona. Ufa wa namna hiyo ukipoa hugusana. Ukipata joto, kibao na mguu hutanuka kila kimoja kwa kiasi chake, na nafasi ndogo kuliko unywele inakata umeme. Hitilafu hii inajulikana na mafundi wa nchi nyingi. Mfano wake mashuhuri ni rilei kuu za magari ya Honda ya miaka ya 1980 na ya 1990. Gari letu halikuwa la kampuni hiyo, lakini lehemu ni lehemu.

Hata hivyo sikuilehemu mara moja. Kutengeneza kabla ya kuthibitisha ni ubahatishaji uliovaa koti jeupe. Niliiunga rilei mezani kwa betri, ikafunga kwa mlio wake, taa ikawaka. Nikaipuliza kwa kikausha nywele alichoazima muuguzi kwa jirani, na baada ya dakika mbili tatu taa ikazima. Nikaiacha ipoe, ikawaka. Nikafanya hivyo mara tatu mbele ya mganga wa kituo na karani wake. Ndipo nikalehemu. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi na lehemu isiyojaza ukucha.

Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, taa ipi iliwaka na ipi ilizima, na majaribio matatu ya mezani. Taarifa ile iliingizwa katika jalada la dereva, na mwezi uliofuata akarudishiwa kazi. Fedha za pampu mbili hazikurudi, wala hakuna aliyemwandikia barua ya kumwomba radhi. Nimewaeleza hayo kwa sababu watu hudhani ufundi ni jambo la vyuma tu. Gereji iliyoandika mara nne kwamba gari ni zima haikusema uongo, iliandika ilichokiona. Kosa ni kwamba maneno “sikuona hitilafu” yalisomwa kama “hakuna hitilafu”, na katikati ya maneno hayo mawili mtu mmoja nusura apoteze mkate wa watoto wake.

Sasa niseme na vijana wa Kidato cha Tatu, ambao nimeambiwa wako katika mlango wa umeme. Mnafundishwa kanuni ya Ohm: volti ni mkondo mara ukinzani. Wengi mnaikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi naila kila siku. Nimeleta ubao wenye betri ya volti 12, taa ya mbele ya gari ya wati 55, na baina yake nimeficha kizuizi cha omu 1,000 badala ya teminali iliyooza. Toa taa, pima kwa mita kwenye ncha za nyaya: mita inasoma volti 12 kamili. Rudisha taa: haiwaki hata kidogo. Mbona?

Mita ya kisasa ina ukinzani wa karibu omu milioni 10 ndani yake. Mkondo inaouvuta ni kama sehemu moja na kidogo ya milioni ya ampea. Mkondo mdogo namna hiyo ukipita katika omu 1,000 unapoteza volti sehemu moja tu ya elfu. Kwa hiyo mita inaona umeme wote. Taa inataka ampea 4 na nusu, na njia ile haiwezi kupitisha hata sehemu moja ya mia ya mkondo huo. Mita haikudanganya. Imejibu ilichoulizwa. Mnapopima umeme wa pampu, pimeni pampu ikifanya kazi, au toeni soketi ya pampu na kuweka taa ya wati 55 mahali pake, ambayo inakula umeme unaokaribia wa pampu. Ikiwaka nyeupe na kali, njia ni safi. Ikiwa ya manjano na dhaifu, kuna mahali umeme unaliwa.

Mahali penyewe panatafutwa kwa kupima volti zinazopotea. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, na nyingine kwenye teminali ya erthi ya pampu yenyewe, injini ikinguruma. Ukisoma sehemu moja au mbili za kumi za volti, erthi ni nzuri. Ukisoma volti 3, basi pampu inapata 9 au 10 tu badala ya 12 na zaidi, na huzunguka kwa uvivu. Piga hesabu: pampu ya ampea 6, volti 3, ukinzani ni nusu ya omu. Nusu omu si kitu machoni. Ni kutu chini ya skrubu moja. Lakini joto lake ni volti 3 mara ampea 6, yaani wati 18, nalo lote limekusanyika katika kijisehemu kidogo kama punje ya hindi. Ndiyo maana soketi mbovu ina plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia. Nusu ya hitilafu nilizozikuta kwenye pampu za magari ya mjini zilikuwa erthi. Hasa magari ya pwani, kwa ajili ya chumvi, na magari yaliyooshwa ndani kwa mpira wa maji.

Njia ikiwa ndefu, usianzie mwanzo ukaenda kiungo kwa kiungo. Pima katikati. Ikiwa viungo ni kumi na sita, kipimo cha kwanza kinakuondolea vinane, cha pili vinne, na kwa vipimo vinne umefika. Ninyi wa hisabati mtajua kwa nini.

Kwa wenye magari ya Toyota ya miaka ya 1990 kuna msaada mwingine: sanduku dogo la uchunguzi chini ya boneti, na ndani yake teminali zilizoandikwa FP na +B. Ukiziunganisha kwa kipande cha waya na kufungua ufunguo, pampu inazunguka bila kupitia rilei yake. Gari lililokuwa likizimika likienda safari nzima namna hiyo bila kuzimika, umejua kwamba kosa liko katika rilei au katika amri yake. Lakini ni kwa kujaribu tu, na waya utolewe siku hiyo hiyo.

Maana hapa narudia jambo langu mara ya pili. Mtaani kuna dawa inayoitwa “dairekti”. Fundi akishindwa kuona kosa, anachukua waya kutoka kwenye betri au kwenye ufunguo, anaupeleka moja kwa moja mpaka kwenye pampu, na gari halizimiki tena. Mwenye gari anafurahi na kulipa. Waliolitengeneza gari waliweka rilei inayokata pampu injini inapokufa kwa sababu moja: gari likigongana au likipinduka, bomba likapasuka, injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli kwa kani ya baa tatu juu ya bomba la moshi lenye moto, na watu wamebanwa ndani. Gari lenye dairekti halina kinga hiyo. Nimeshaombwa kufanya dairekti katika gari la kubebea abiria, nikakataa, na mwenyewe akaenda kwa jirani. Na kama waya huo umetoka kwenye betri bila fyuzi, sina neno la kulitaja hapa mbele ya walimu.

Kinga hiyo ina ndugu yake. Magari mengine, kama Ford nyingi na baadhi ya Land Rover za baadaye, yana swichi ya mshtuko inayokata pampu gari likigongwa. Shimo kubwa la barabarani laweza kuifyatua. Ina kitufe cha kubonyeza, na kitabu cha gari kinaonyesha ilipo. Tazameni kitufe hicho kabla ya kumwita mtu.

Ugonjwa ukiwa ndani ya pampu yenyewe, zile brashi za kaboni zimekwisha, dalili yake ni ile ya zamani: umeme unafika, pampu iko kimya, ukiligonga tangi kwa ngumi au kwa kiatu cha mpira inaanza. Itakufikisha nyumbani, labda na kesho. Inunuliwe. Siku ya kuitoa, betri ifunguliwe kwanza, gari liwe nje mahali penye upepo, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na taa ya waya isisogezwe pale. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka sakafuni ukatambaa mbali mpaka kwenye jiko la mama lishe.

Neno kwa wenye magari mapya. Katika mengi ya hayo pampu haipewi umeme wa moja kwa moja, bali kifaa maalum huukata na kuurudisha mara nyingi kwa sekunde ili kupunguza au kuongeza mwendo wake. Hapo taa ya majaribio itafifia pasipo kosa lolote, na mita ya kawaida itasoma volti za ajabu. Tafuteni kitabu cha gari lenyewe kabla ya kumhukumu mtu. Kwa upande mwingine leo mna jambo ambalo sisi hatukuwa nalo: simu. Siku hizi vitaa vyangu vitatu navifunga kwenye dashibodi, mwenye gari anaweka simu ikivipiga picha za video safari nzima, jioni ananiletea. Sihitaji tena kukaa saa tatu juani nikingoja gari lizimike.

Ubao niliousema uko kwenye meza ya tatu ya maabara ya fizikia, pamoja na mita mbili na ile rilei ya zamani, ambayo kituo kilinipa baadaye walipoibadilisha kwa mpya. Nimeacha na kioo cha kukuzia. Mahali nilipolehemu panaonekana, na pembeni yake kuna mguu wa tatu ambao ufa wake ulikuwa ndio kwanza unaanza. Mwalimu wa fizikia ameniruhusu kukaa huko baada ya chai mpaka saa kumi na moja, kwa yeyote mwenye swali au mwenye gari hapo nje lililomsumbua njiani leo asubuhi.